Kuchora Njia kwa Kalamu ya Vekta: Nodi Ikae Wapi?

Mabibi na mabwana, habari za mchana. Nawashukuru kwa kufika, hasa nyinyi mliofunga karakana za stika huku mjini ili mje kunisikiliza, maana najua Jumamosi ndiyo siku wateja wanapojaa. Naona na wanafunzi wa usanifu wako hapa na walimu wao. Karibuni nyote.

Nina jambo moja la kuwaambia leo: nodi, yaani pointi ambayo mstari unapitia, ikae wapi. Kalamu ya vekta, yaani kifaa cha kuchorea mistari kwenye kompyuta, ina vitufe vingi na nitavitaja vichache, lakini vitufe hubadilika kutoka programu moja hadi nyingine. Mtu anayejua mahali pa kuweka nodi atachora vizuri katika Illustrator, CorelDRAW au Inkscape. Asiyejua atahangaika hata akipewa kompyuta ya bei ghali namna gani.

Tuanze na kisu. Wengi wenu mmesimama mbele ya mashine ya kukata stika za matatu. Mashine ile haioni picha wala rangi. Inasoma njia tu: anzia hapa, pinda hivi, fika pale. Sasa mteja anakuletea nembo kwenye simu, kipicha kidogo kilichozungushwa WhatsApp hadi kingo zikachakaa. Ukibonyeza kile kitufe kinachofuatisha picha chenyewe, programu itakutolea njia yenye mamia ya nodi, kwa sababu inafuata kila ngazi ya pikseli, vile vijidoa vya mraba vinavyounda picha, ikidhani ni sehemu ya umbo. Kwenye skrini unaona mambo shwari. Ipeleke kwenye mashine: kisu kinakwenda kwa kushtukashtuka na ukingo unatoka na meno madogo madogo. Ukianza kubandua plastiki isiyotakiwa, inanasa kwenye meno yale na kuchanika, na mara nyingi inachanika pale pale kwenye herufi nyembamba ambayo ungependa iwe safi kuliko zote. Fundi analaumu kisu, analaumu plastiki, na kumbe kasoro iko kwenye faili.

Kwa hiyo tujue kwanza mpindo unatengenezwaje. Tazameni ubaoni. Hapa chini kushoto naweka pointi A, na chini kulia D. Hizo ni nodi. Mstari lazima uanzie A na uishie D. Juu kabisa ya A naweka B, na juu kabisa ya D naweka C. Hivyo ni vishikio: vinauvuta mstari uelekee kwao, ila mstari wenyewe hauvifikii.

Sasa chukua katikati ya A na B, tia alama. Katikati ya B na C, tia alama. Katikati ya C na D, tia alama. Una alama tatu. Ziunganishe kwa mistari miwili, chukua tena katikati ya kila mstari, utabaki na alama mbili. Unganisha hizo mbili, chukua katikati yake. Alama hii ya mwisho iko juu ya mpindo wenyewe. Ukirudia kazi hiyo hiyo kwa robo badala ya nusu, halafu kwa theluthi, halafu kwa kila sehemu iliyobaki, mpindo mzima unatokea. Hiyo ndiyo hesabu yote inayopita ndani ya programu unapovuta kipanya.

Hebu tupime. B na C nimeziweka sentimita 40 juu ya mstari wa chini. Kilele cha tao kiko wapi? Ndiyo, dada, 30. Robo tatu. Kumbukeni hesabu hiyo, itawaokolea muda mwingi: ukitaka tao la kimo fulani kutoka nodi mbili zilizo usawa mmoja, na vishikio vimesimama wima, basi vishikio viwe virefu kuliko kimo hicho kwa theluthi moja. Wengi huvuta kishikio hadi pale wanapotaka mstari ufike, kisha wanashangaa mstari umebaki nyuma. Halafu wanaongeza nodi katikati ili kuusukuma. Hapo ndipo uharibifu unapoanza.

Waliotuletea mipindo hii walikuwa watu wa magari. Paul de Casteljau aliibuni hesabu niliyowaonyesha mwaka 1959 akiwa Citroën, na kampuni ikaifanya siri. Pierre Bézier wa Renault aliifikia mipindo hiyo hiyo kivyake na akaandika kuihusu waziwazi, ndiyo maana mipindo inaitwa kwa jina lake. Wote wawili walikuwa na shida moja: bodi ya gari ina mipindo ambayo bikari na rula haziwezi kuielezea kwa mashine inayokata chuma. Mwaka 1984 Adobe wakaitoa lugha ya PostScript, iliyobeba mipindo hiyo hadi kwenye printa, na mwaka 1987 Illustrator ikaiweka mikononi mwa mchoraji. Kwa hiyo stika unayoibandika ubavuni mwa matatu na bati lililo chini yake ni ndugu wa damu. Mimi jambo hilo linanifurahisha sana kila nikipita stejini.

Turudi kwenye nodi. Kanuni yangu ni hii: weka nodi pale umbo linapofika mwisho wa kwenda upande mmoja. Mahali pa juu kabisa, pa chini kabisa, pa kushoto kabisa, pa kulia kabisa. Halafu vishikio vya nodi hiyo vilale sawasawa au visimame wima. Wachoraji wa herufi hufuata utaratibu huu, na faida yake ni kwamba ukitaka kunenepesha umbo unaisogeza nodi moja ya pembeni tu na mengine yanabaki yametulia.

Mfano ni ngao ya kwenye bendera yetu ya Kenya. Usizitazame rangi wala mapambo ya ndani. Tazama ukingo wa nje. Juu kuna ncha. Mstari unashuka ukijaa kwenda kulia, unafika penye upana wote, kisha unarudi taratibu hadi ncha ya chini. Nodi ngapi? Nimewahi kuletewa ngao yenye nodi arobaini na zaidi. Ukingo wote unahitaji nne: ncha mbili na mbavu mbili.

Tena usichore zote nne. Chora nusu ya kulia peke yake. Katika Inkscape bonyeza B upate kalamu. Anzia ncha ya juu: bonyeza, na kabla hujaachia, vuta kuelekea chini kulia, upande ule mstari unaotaka kwenda. Nenda kwenye ubavu, penye upana wote, bonyeza na uvute chini moja kwa moja huku umeshikilia Ctrl ili kishikio kisimame wima pasipo kuyumba. Kisha ncha ya chini: bonyeza, na kama unataka ukingo uingie ukiwa umejaa, vuta kidogo kabla ya kuachia. Enter. Nodi tatu. Sasa Ctrl na D kuinakili, H kuigeuza, isogeze hadi ncha zikutane, Ctrl na K kuziweka pamoja, kisha kwa kifaa cha nodi chagua ncha mbili za juu na uziunge kwa Shift na J. Fanya vivyo hivyo chini. Ngao imelingana kushoto na kulia kwa sababu ni nusu ile ile. Jicho halitapata pa kulalamikia.

Kaka hapa mbele anauliza: mbona mduara wa programu una nodi nne na si mbili? Swali zuri. Kipande kimoja cha mpindo huu hakiwezi kuwa sehemu ya duara kamili, kinakaribia tu. Kadiri kipande kinavyobeba sehemu kubwa ya duara ndivyo kinavyokosea zaidi. Kwa robo duara, ukiweka vishikio vyenye urefu wa 0.5523 ya nusu kipenyo, unakosea kwa chini ya sehemu 3 kati ya 10,000 za nusu kipenyo hicho. Chora duara ambalo kutoka katikati hadi ukingoni ni mita nzima, na kosa halitafika theluthi ya milimita. Nani atakuja na rula ya kuliona hilo kwenye mlango wa basi?

Kona ni habari nyingine. Ukibonyeza bila kuvuta, unapata kona kavu. Lakini mara nyingi tunataka mpindo uingie, kona ivunjike, mpindo mwingine utoke, kama kwenye jani au mwali wa moto. Hapo unavuta kama kawaida, kisha unavunja kishikio: katika Illustrator kwa kushikilia Alt, katika Inkscape kwa Shift. Kile cha nyuma kinabaki kilipo, cha mbele unakipeleka utakako.

Pasipo na kona, angalieni urefu wa vishikio. Watu wengi huridhika mradi vishikio viwili vya nodi vimenyooka kwenye mstari mmoja. Kona haipo, kweli, lakini kama kimoja ni kifupi sana na mwenzake ni mrefu sana, mpindo unabana ghafla upande mmoja na kulegea upande wa pili. Jicho hukwazwa hapo, ingawa halijui kwa nini. Anzeni na kishikio chenye kama theluthi ya urefu wa mpindo wenyewe, kisha rekebisheni. Na vishikio vya nodi mbili zilizo jirani visipishane. Vikipishana kupita kiasi mstari unajikunja na kufanya kitanzi, na kisu kitakikata kitanzi hicho hata kama kwenye skrini hukukiona.

Herufi S huwasumbua wengi. Wanaweka nodi katikati ya mgongo, pale mpindo unapobadilisha upande, na inatoka na nundu. Iondoe. Acha kishikio cha nodi ya juu kivute upande mmoja na cha nodi ya chini kivute upande wa pili. Mgongo utajipinda wenyewe.

Mwalimu pale nyuma ameinua mkono. Anauliza kama nawakataza wanafunzi wake kufuatisha picha kwa kitufe. Kwa mchoro wa mkono wenye mikwaruzo unayoitaka, tumieni, hakuna ubaya. Kwa nembo na herufi, hapana. Wekeni picha ya mteja kwenye tabaka la chini, ifungeni isisogee, ipunguzeni rangi iwe hafifu, na njia yenu iwe ya rangi kali isiyojazwa ndani. Na kabla ya kubonyeza popote, chapisheni picha hiyo kwenye karatasi, mchukue kalamu ya wino na mtie alama mahali nodi zitakapokaa. Nimewaletea karatasi zenye ngao, jani na herufi S. Zigaweni kuanzia safu ya mbele, tuanze na S.