Anayerudi Baada ya Wiki Tatu: Kubuni Programu ya Ustawi kwa Wanafunzi wa Chuo

ZAINABU: Hujambo msikilizaji, na karibu tena katika kipindi chetu kutoka hapa Nairobi. Mimi ni Zainabu, mnasihi wa wanafunzi wa vyuo, na niko na mwenzangu Mutua, ambaye kazi yake ni kuunda programu za simu. Leo tunazungumzia kipengele kimoja tu cha programu ya ustawi wa akili, kile kinachopaswa kumfanya mwanafunzi aliyeipakua wiki ya kwanza ya muhula awe bado anaitumia mitihani inapobisha hodi.

MUTUA: Asante, Dada Zainabu. Nianze na takwimu iliyoninyima usingizi. Mwaka 2019 Amit Baumel na wenzake walichapisha uchunguzi wa jinsi watu wanavyozitumia programu 93 za afya ya akili, wakaona kwamba kwa wastani wa kati, baada ya siku 15 waliobaki walikuwa asilimia 3.9, na baada ya siku 30 asilimia 3.3. Yaani ukiwapa wanafunzi mia moja programu yako, mwezi ukiisha umebaki na watatu, na huenda mmoja wao ni binamu yako aliyeiweka ili kukufurahisha.

ZAINABU: Ndiyo maana ulikuja kwangu na lile pendekezo la moto.

MUTUA: La mfululizo wa siku, ndiyo. Mwanafunzi anaandika hali ya moyo wake leo, kesho na keshokutwa, na kila siku alama ya moto inaongezewa namba. Akikosa siku moja, namba inarudi sifuri. Duolingo wameutumia mfululizo kuwarudisha watu kwenye masomo ya lugha, na nina jamaa yangu mtu mzima kabisa anayekatiza chakula cha jioni ili asipoteze siku zake za Kifaransa.

ZAINABU: Kifaransa hakina kinyongo, Mutua. Mwanafunzi anayelemewa na sonona ni yule yule anayeshindwa kuinuka kitandani, kuoga, hata kumjibu mama yake simuni, kwa hiyo wiki anayoihitaji programu zaidi ndiyo wiki atakayoikosa. Siku atakapopata nguvu ya kuifungua, unamwonyesha sifuri. Huyo tayari anajiona ameshindwa masomo na ameshindwa marafiki, nawe umemwongezea la tatu.

MUTUA: Nilibishana nawe juu ya jambo hilo kwa muda mrefu, na nikubali hapa hadharani kwamba kilichonibadilisha ni kosa langu mwenyewe. Kabla ya kazi hii nilishiriki kuunda programu ya aina hii kwa ajili ya chuo kimoja ambacho sitakitaja. Tuliamua kwamba kila anayejaza maswali ya hali ya moyo kwa wiki nzima atapewa muda wa maongezi wa simu. Walijaza! Nilipoyasoma majibu nikakuta mtu amebonyeza «niko sawa» siku thelathini mfululizo, kila mara kwa sekunde mbili. Zawadi zilipokwisha, nao wakaisha.

ZAINABU: Jambo hilo lina historia katika saikolojia. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio walilofanya na watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Waliokuwa wameahidiwa cheti wakichora, walipoachwa baadaye wachague wenyewe la kufanya, walichora kwa muda mfupi kuliko wale ambao hawakuahidiwa chochote. Zawadi ilikuwa imewafundisha kwamba kuchora ni kibarua. Sasa fikiria kumfundisha kijana wa miaka kumi na tisa kwamba kujiuliza «ninaendeleaje?» ni kibarua.

MUTUA: Hata hivyo, hatuwezi kukaa tu tukingoja wakumbuke wenyewe. Mwanafunzi wa Nairobi ana simu iliyojaa, ana bando linaloisha Alhamisi, na ana makundi kumi na manane ya WhatsApp, manne kati yake yakiwa ya darasa moja. Programu isiyomwita haipo.

ZAINABU: Sikukataa aitwe. Nilichouliza ni nani amwite. Edward Deci na Richard Ryan wamefanya kazi kwa miongo mingi kuonyesha kwamba mtu hudumu katika jambo pale anapojiona analichagua mwenyewe, anaona analiweza, na ameunganishwa na watu wengine kupitia jambo hilo. Moto wa skrini unajaribu kugusa la pili na kuliacha hilo la tatu kabisa. Kwetu sisi la tatu ndilo lenye nguvu, na tunalo tayari, ila tumezoea kulitumia kwa fedha.

MUTUA: Hapo ndipo ulipoleta habari za chama.

ZAINABU: Ndiyo. Katika chama cha mzunguko, kile ambacho jirani zetu Watanzania hukiita upatu, kila mwezi wote wanachanga na mmoja anapokea, na hakuna mtu anayeona aibu kupokea kwa sababu ni zamu yake. Nikajiuliza: kwa nini kusikilizwa kusiwe na zamu? Mwanafunzi ninayempokea ofisini mara nyingi anatumia dakika kumi za kwanza kuomba radhi kwa kunisumbua. Zamu inamwondolea radhi hizo.

MUTUA: Basi msikilizaji aelewe tulivyokipanga. Wanafunzi watano wanaunda mzunguko. Kila Jumapili jioni programu inamtaja mwenye zamu, naye anarekodi ujumbe wa sauti usiozidi dakika mbili, au anaandika mistari michache, au anabonyeza «nipite wiki hii» bila kueleza sababu. Wengine wanne wana wiki nzima ya kumjibu kwa sauti zao. Hakuna pointi wala moto. Ujumbe unafutika wiki ikiisha, na sauti zimebanwa ziwe ndogo ili zisile bando. Asiye na bando anarekodi tu, na ujumbe unajituma wenyewe akipata mtandao wa chuoni.

ZAINABU: Na nililoliona kwa kazi yangu ni kwamba mtu aliyechoka kiasi cha kushindwa kujisaidia mwenyewe bado ana akiba kidogo ya kumsaidia mwenzake. Hafungui programu kwa ajili yake. Anaifungua kwa sababu wiki hii ni zamu ya fulani. Akishafungua, yumo.

MUTUA: Je, wanafunzi wana uwezo wa kubebeana mizigo hiyo? Hilo ndilo wasiwasi wangu, kwa sababu hawakusomea unasihi.

ZAINABU: Ni swali la haki. Hapa Kenya Shamiri, shirika lililoanzishwa na Tom Osborn, limewatumia vijana waliomaliza sekondari kuongoza vikundi vya wanafunzi wa sekondari, vikao vinne, kimoja kila wiki, juu ya mambo kama shukrani na uwezo wa mtu kubadilika. Jaribio lao lilichapishwa katika jarida la JAMA Psychiatry mwaka 2021, na dalili za sonona na wasiwasi zilipungua kuliko katika vikundi vya kulinganisha. Zimbabwe nako, Dixon Chibanda aliwafundisha akina nyanya kuwasikiliza watu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati za Harare. Lakini angalia: vijana wale walifunzwa, na nyanya wale walifunzwa na kusimamiwa. Kwa hiyo mzunguko wetu hauwi tiba, na hatutauita hivyo popote ndani ya programu. Kazi yake ni kumweka mtu karibu na mlango, na nyuma ya mlango awepo mnasihi.

MUTUA: Kuhusu maneno, ulinifunga mdomo kabisa. Nilikuwa nimeandika swali la kuanzia: «Je, una dalili za sonona?»

ZAINABU: Na ni nani mtaani Kahawa Wendani husema hivyo? Watu husema «nina mawazo», «nimechoka», «mambo ni mengi». Kishona, lugha ya Zimbabwe, kina neno «kufungisisa», yaani kuwaza kupita kiasi, na Chibanda alianzia hapo hapo kwenye neno la watu. Sisi tunalo «kuwa na mawazo», ambalo halina uhusiano na kuwa na fikra nzuri, na kila mtu anajua linamaanisha nini.

MUTUA: Jambo jingine dogo lakini lilikaribia kuiua programu nzima ni arifa. Wanafunzi wawili au watatu wanaishi chumba kimoja, simu iko mezani inachajiwa, kisha skrini inawaka: «Unahisi huzuni leo?» Wote wamesoma. Sasa arifa yetu inasema tu «Zamu ya wiki hii imefika», jambo ambalo mwenzako wa chumba atadhani ni chama cha kweli.

ZAINABU: Na akikuomba mkopo, hilo ni juu yako.

MUTUA: Tumezisogeza pia arifa zifuate muhula badala ya saa. Mwanafunzi mwenyewe anaweka wiki za majaribio na za mitihani, na anaweza kuzisogeza wahadhiri wakigoma au fedha za HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, zikichelewa, kwa sababu kalenda iliyochapishwa na kalenda anayoiishi si kitu kimoja.

ZAINABU: Sasa tufike kwenye swali gumu. Kuna orodha ya maswali tisa inayoitwa PHQ-9, iliyochapishwa mwaka 2001, na swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kutaka kufa au kujidhuru. Mutua alitaka tulitoe.

MUTUA: Nilihofia kuuliza jambo ambalo hatuna uwezo wa kulijibu saa nane za usiku.

ZAINABU: Kuuliza hakumpandikizi mtu wazo hilo, kinachoumiza ni kumuuliza kisha kumpa picha ya ua. Akijibu ndiyo, programu inaacha mengine yote na kumpa kitufe kimoja cha kupiga 1199, laini ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu Kenya, pamoja na nafasi ya kumchagua mapema mtu mmoja wa kumwita. Mzunguko hauoni jibu hilo. Na wanafunzi wana sababu ya kuogopa: hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai nchini. Hofu hiyo haikuondoka siku ile hukumu iliposomwa.

MUTUA: Ndiyo maana chuo hakitaona jina la mtu yeyote, hata kama ndicho kinacholipia programu. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, habari za afya ya mtu ni data nyeti. Tukikutana na msimamizi anayetaka orodha ya «wanafunzi walio hatarini», tutamwambia mapema kwamba orodha hiyo haipo, na tutaiunda programu kwa namna ambayo hata tukitaka hatuwezi kuitoa.

ZAINABU: Tumebaki na ugomvi mmoja. Mimi nasema mzunguko uwe wa wageni: mmoja kampasi ya Chiromo, mwingine ya Kikuyu, mwingine ya Lower Kabete, kwa sababu ni rahisi kumwambia ukweli mtu usiyeketi naye darasani.

MUTUA: Nami nasema mgeni ni rahisi kumtoroka. Rafiki atakugongea mlango.

ZAINABU: Basi mwanafunzi achague. Na kipimo?

MUTUA: Sihesabu tena waliofungua kila siku. Nahesabu walionyamaza wiki mbili au zaidi, kisha nauliza wangapi walirudi, na kama walirudi katika zile wiki walizoziandika wenyewe kuwa ngumu. Anayenyamaza kwa sababu yuko sawa, tumwache na amani yake. Mpaka jana skrini ya kumpokea anayerudi ilikuwa na maneno «Umepotea sana!»

ZAINABU: Nikaomba uyafute.

MUTUA: Na nikashangaa, maana sote tunasalimiana hivyo.

ZAINABU: Akikwambia rafiki, amekukumbuka. Ikikwambia simu, imekuhesabu. Wale wanne wa mzunguko wakitaka kumwambia «umepotea», wamwambie kwa sauti zao. Skrini imwandikie: «Karibu. Zamu yako bado ipo.»

MUTUA: Nimeshabadilisha. Inaingia katika toleo tutakalowapa wanafunzi kulijaribu wiki ya kwanza ya majaribio ya muhula.