Wagoni Yenye Mbio: Springi Iwe ya Mwisho
Mhadhara kwa wenye magari na mafundi, Tanga

Ndugu zangu, habari za jioni. Nimefurahi kuona wenye magari na mafundi mmekaa pamoja, maana kazi hii huharibika pale watu wanapoelewana bei bila kuelewana kazi.

Nazungumzia saspensheni ya wagoni zenye nguvu, yaani magari ya familia yenye buti refu: Legacy ya turbo, Caldina GT-T, Volvo V70 na jamii yake. Gari ambalo asubuhi linapeleka watoto shule Chumbageni, na mwisho wa wiki linatoka Muheza na familia nzima na gunia la machungwa nyuma. Mwenye gari la namna hii akitaka kuboresha saspensheni, akili inakimbilia springi fupi. Mimi nasema pesa ya kwanza iende kwenye bushi, zile raba za kwenye maungio ya saspensheni, ya pili kwenye shokapu. Springi iwe ya mwisho, na wengi wenu hamtaihitaji kabisa.

Springi kazi yake ni kubeba. Anayeituliza ni shokapu. Shokapu ikichoka, tairi linadunda, na tairi lililoachana na lami halifungi breki wala halikati kona. Njia yetu ya kwenda Segera inawaonyesha hilo vizuri: matuta, halafu rasta. Rasta ndiyo mtihani, kwa sababu ni mitikiso midogo inayofuatana upesi. Ukisikia mkia unaserereka kwenye rasta, usinunue springi ngumu. Utazidisha tatizo.

Sasa hiyo springi fupi. Ukishusha gari sentimita 3, umekata sentimita 3 za nafasi ya tairi kupanda. Ukiwa peke yako hutaona kitu. Pakia watu watano wa kilo 70, hizo ni kilo 350 kabla ya begi hata moja, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo inakalia nyuma. Hapo shokapu inagonga raba yake ya kuzuia, na kila shimo linaingia kwenye bodi moja kwa moja. Tena magari yenye strati za MacPherson, yaani shokapu na springi zikiwa kitu kimoja, ukiyashusha sana mikono ya chini inayoshika gurudumu inabadili pembe, na nukta ambayo bodi inalalia kwenye kona inashuka zaidi kuliko kitovu cha uzito kilivyoshuka. Mtu amelipa ili gari lisilale kwenye kona, kumbe sasa lina hamu zaidi ya kulala!

Kama tatizo ni kulala kwenye kona, angalia stabilaiza, ile fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Ugumu wake unakwenda kwa kipeo cha nne cha kipenyo: ukitoka milimita 20 kwenda 22 ya muundo uleule, umeongeza kama asilimia 46. Na magurudumu mawili yakipanda tuta pamoja, stabilaiza haileti ugumu. Shimo la upande mmoja ndilo litakalotikisa zaidi, kwa hiyo panda hatua moja tu.

Shokapu nunua nzuri, zilizotengenezwa kwa urefu wa kawaida wa gari. Subaru wenyewe walifunga Bilstein kiwandani kwenye baadhi ya Legacy za turbo.

Hapa naomba mafundi mnisikilize sana. Baadhi ya Volvo V70 na baadhi ya Forester zina shokapu za nyuma zinazojinyanyua. Gari likipakiwa na kuanza kutembea, mtikiso wa barabara unapampu mafuta ndani ya shokapu mpaka mkia urudi juu. Shokapu hiyo inabeba sehemu ya uzito, ndiyo maana springi yake ni laini. Ukiweka shokapu ya kawaida ukaacha springi ileile, mkia utakaa chini. Mteja anarudi analalamika, anawekewa spesa, kipande cha kuinulia springi. Spesa inanyanyua bodi, haiongezi nguvu ya kubeba hata kidogo. Pale badilisha shokapu pamoja na springi zake, au rudisha shokapu za aina ileile.

Na bushi. Gari liko kwenye jeki, magurudumu yananing'inia, fundi anaingiza bushi mpya ya raba na kukaza bolti mpaka mwisho. Anaposhusha gari, mkono unapanda, lakini sehemu ya katikati ya bushi imeshabanwa, haizunguki. Raba inakaa imejisokota saa zote na kuchanika mapema. Ingiza bolti, kaza kwa mkono tu, shusha gari likanyage chini kwa uzito wake, tikisa bodi, ndipo ukaze. Kazi ya dakika chache, na watu wanalaumu spea bure.

Mkimaliza, fanyeni alaimenti, yaani kunyoosha pembe za magurudumu, na upepo wa tairi ufuate kibandiko cha mlangoni, kile kipimo cha gari lililopakiwa siku mnaposafiri.

Nje kuna gari juu ya jeki, bolti za mkono wa chini hazijakazwa. Fundi yeyote aje na spana, tulishushe pamoja.