Mtoto mbishi: nani anamfundisha nani?

Haya wazazi wenzangu, karibuni, na nyie mliosimama kule nyuma viti vipo huku mbele msione aibu. Leo naongelea mtoto mkaidi, na simsemi yule wa miaka miwili anayesema "staki" kwa kila kitu, huyo anakua tu muacheni. Namsema yule ambaye kila neno lako ana jibu lake, ukimwambia kaa anasimama, anachokoza watu makusudi, akikosea basi kasababisha mwingine, na hasira ziko karibu karibu muda wote.

Hali hii ikizidi wataalamu wanaiita ODD, kifupi cha Kiingereza cha tatizo la ukaidi na ubishi uliopitiliza, imo kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani tangu 1980, na toleo la 2013 linataka dalili zisizopungua 4 kati ya 8, zidumu miezi 6 au zaidi, na azionyeshe kwa mtu mwingine asiye kaka au dada yake, maana ndugu kugombana hiyo ni kawaida ya nyumba yoyote. Nawatajia hizi namba kwa sababu siku hizi mtu akisoma kitu kwenye simu dakika mbili tu kashampachika mwanae jina la ugonjwa. Usimpachike, muachie mtaalamu.

Sasa tuje kwenye penyewe. Kulikuwa na mwanasaikolojia mmoja kule Oregon, Marekani, anaitwa Gerald Patterson, yeye na wenzake walikuwa wanaenda majumbani wanakaa wanaangalia familia zinavyoishi, wanaandika nani kasema nini na mwenzie kajibuje. Ule mvutano waliouona nadhani wengi mtautambua. Mama anasema zima tivii ukaoge. Mtoto kimya. Mama anarudia, anarudia tena, sauti inapanda, mtoto naye anapandisha, "aah niache bwana!", rimoti inarushwa kwenye kochi, na mama kachoka tangu asubuhi na ana kazi zake zinamsubiri, anasema haya kaa hivyo hivyo shauri yako, anaondoka zake. Kelele zimeisha. Lakini hebu angalieni, mtoto kajifunza nini hapo? Kwamba ukipiga kelele za kutosha amri inafutika. Na mama je? Naye kajifunza kwamba akikubali yaishe anapata utulivu, kwa hiyo wote wawili wamepata walichotaka na kesho watarudia vile vile.

Siku nyingine mama kawahi yeye, kofi, mtoto huyoo bafuni. Mtasema si limefanya kazi? Limefanya, kwa siku hiyo. Ila somo lililobaki ni kwamba mwenye nguvu ndiye anayeshinda, na huyu mtoto jamani anakua, kuna siku mtalingana kimo.

Ndo maana mimi nasema anayeanza kubadilika ni mkubwa. Sio kwamba kosa ni lake, hapana, kuna watoto wamezaliwa na moto wao na mzazi yeyote angepata tabu, ila kati ya hao wawili yeye ndo anaweza kujizuia kwanza. Usiamrishe ukiwa jikoni yeye yuko sebuleni. Sogea, muite jina, akuangalie, sema mara moja kwa sauti ya kawaida "zima tivii, nenda kaoge", halafu nyamaza, hesabu kimoyomoyo mpaka tano. Na usimuulize "utaenda kuoga mwanangu?", ukiuliza swali ujue hapana nayo ni jibu. Akienda, hata kama kanuna, mwambie asante kwa kuzima mara moja, usianze kudai na uso wa furaha juu yake. Asipoenda, adhabu iwe ndogo na iwe ile ile mliyokubaliana mapema, kama kesho tivii hakuna, usitangaze mwezi mzima kwa hasira halafu Jumatatu unamwashia.

Niwaambie ukweli, mkianza hivi mwanzoni kelele zinaweza kuongezeka. Mtoto anajaribu kwa nguvu zaidi kile kilichokuwa kinamsaidia, na hapo ndo wengi wanakata tamaa wakati mabadiliko yalikuwa yanakaribia, au baba anashikilia bibi anaachia, basi inakuwa kazi bure.

Kuna kingine watu wanakidharau, kucheza. Sheila Eyberg alianzisha miaka ya 1970 tiba ambayo mzazi anacheza na mwanae huku kavaa kidude sikioni, mtaalamu yuko nyuma ya kioo anamuelekeza. Nyumbani mzazi anapewa kazi ya dakika 5 kila siku, mtoto anaongoza mchezo, wewe huamrishi, huulizi, hukosoi. Jaribuni muone zilivyo ndefu hizo dakika 5!

Na kabla ya yote hayo hakikisheni anasikia vizuri, analala vya kutosha, haonewi shuleni, hakuna kipigo au hofu ndani ya nyumba. Wengi pia wana tatizo la kutotulia na kukosa umakini, hilo lina dawa, ila ubishi wenyewe hauna kidonge chake. Akianza kutesa wanyama, kushika kisu au kusema anataka kufa, msisubiri kujaribu hizi za kwangu, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Naona mkono kule, ndiyo dada, uliza.