Jumamosi Zilizofutwa na Jumapili

Wazee wangu shikamooni, mama zangu, ndugu na vijana, karibuni. Nimeombwa nizungumze juu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu, kwa sababu watoto wetu wanaucheza huko shuleni na sisi tumebaki kuuliza mbona mpira wenyewe haupigwi kwa mguu. Sitafundisha sheria leo. Nitazungumza juu ya kumbukumbu: namna tunavyomkumbuka mchezaji alipokuwa chuo, ambako hucheza Jumamosi, baada ya kujua alichokuja kukifanya kwenye ligi ya kulipwa, NFL, inayocheza Jumapili.

Naanza na chuo cha Michigan. Najua niko Columbus, nyumbani kwa chuo cha Ohio State, mahasimu wao, na kulitaja jina hilo hapa ni kama kupita Jangwani umevaa jezi nyekundu. Nivumilieni, nitarudi nyumbani baadaye.

Tarehe 1 Januari 1998, Pasadena, California, mchezo wa Rose Bowl, wa kufungia msimu wa vyuo, watu zaidi ya laki moja uwanjani. Upande mmoja Michigan, ambao hawajafungwa msimu mzima. Upande wa pili Washington State, chuo ambacho mara ya mwisho kufika kwenye mchezo huo ilikuwa 1931, miaka 67 nyuma. Aliyewafikisha ni kwotabeki wao, Ryan Leaf. Kwa mliokuja kwa ajili ya pilau, kwotabeki ni yule anayepewa mpira akaamua aurushe, amkabidhi mwenzake, au akimbie nao mwenyewe. Michigan walishinda 21 kwa 16. Leaf alikuwa ameshawasogeza wenzake hadi yadi 26 kutoka mstari wa Michigan saa ilipokata, na watu wa Washington State wanaapa hadi leo kwamba zilibaki sekunde 2.

Kwenye benchi la Michigan siku hiyo alikuwepo kijana wa akiba aliyeitwa Tom Brady.

Laiti mngesimama getini jioni ile mkauliza yupi kati ya hao wawili atakumbukwa, mngechekwa. Miezi michache baadaye Leaf alichaguliwa wa pili katika drafti. (Drafti hii si ile ya kete na vizibo vya soda kibarazani. Ni siku ambayo timu za kulipwa zinachagua vijana wa vyuo mmoja baada ya mwingine, timu dhaifu ikianza.) Alikwenda San Diego, akaharibikiwa. Katika maisha yake yote NFL alishinda mechi 4 alizoanza. Leo ukilitaja jina lake, Mmarekani anatabasamu kabla hujamaliza, maana limekuwa kipimo cha kuchagua vibaya. Kinachoniudhi mimi ni sentensi inayofuata: "Hata chuoni hakuwa lolote, walimkuza tu." Hakuwa lolote? Miaka 67 wengine wote walishindwa kufika Pasadena, halafu aliyefika ndiye hakuwa lolote?

Kwa Brady mambo ni ya ajabu zaidi, kwa sababu zipo kumbukumbu mbili zinazopingana, na zote mbili zimetiwa chumvi na mambo ya baadaye.

Ya kwanza ni ya baadhi ya mashabiki wa Michigan wenyewe: walijua tangu mwanzo, walimwona machoni. Hawa nawaomba wakumbuke msimu wa 1999. Kocha Lloyd Carr alikuwa na Brady, na alikuwa na Drew Henson, kijana wa nyumbani kutoka Brighton palepale Michigan, ambaye watu walimsubiri kwa hamu. Carr akaamua Brady acheze robo ya kwanza, Henson ya pili, kisha wakati wa mapumziko yeye achague nani aendelee. Jamani, mtu mliyemwona machoni kuwa mkubwa kuliko wote mnampa zamu kama ndoo ya kisimani?

Ya pili ndiyo inayopendwa na televisheni: Brady alikuwa si kitu, amesahauliwa benchi, hakuna aliyemjali, akachaguliwa wa 199 katika drafti ya 2000, kisha akachukua Super Bowl, fainali ya NFL, mara 7. Hadithi tamu, nami nimewasimulia wanangu. Lakini tazameni takwimu za chuo. Alianza mechi 25 na kushinda 20. Mechi yake ya mwisho, Orange Bowl ya tarehe 1 Januari 2000 dhidi ya Alabama, Michigan walikuwa nyuma kwa pointi 14 mara mbili. Brady akarusha yadi 369 na pasi 4 za tachidauni, ndiyo bao la mchezo huu, wakashinda 35 kwa 34 katika muda wa nyongeza. Huyo si mtu wa kusahauliwa benchi. Alikuwa kwotabeki mzuri wa timu nzuri, basi. Ila "mzuri wa timu nzuri" hakuuzi gazeti. Zile pete 7 za ubingwa zinamtaka ama awe nabii tangu utotoni ama awe yatima wa ngano, na Tom Brady wa kweli, yule wa miaka 22 aliyechezeshwa kwa zamu na hakununa akaondoka, hana pa kukaa.

Sasa nimerudi nyumbani, Columbus. Hapa mtanisikiliza vizuri.

Joe Burrow ni kijana wa Athens, mwendo wa saa moja na kidogo kutoka tulipo. Alikuja Ohio State mwaka 2015, akakaa misimu mitatu, na pasi alizorusha kwenye mechi hazikufika hamsini. Mei 2018 alihamia chuo cha LSU, kule Louisiana. Mwaka 2019 akarusha pasi 60 za tachidauni, LSU wakacheza mechi 15 bila kufungwa, akachukua tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, akachaguliwa wa kwanza kabisa katika drafti ya 2020, na timu iliyomchukua ni Cincinnati, hapahapa Ohio. Kila Jumapili tunamwona. Ndiyo maana kinyozi wangu, kila nikikaa kwenye kiti chake, ananiambia jambo lilelile: Ohio State walikosea, walimwachia dhahabu mtu mwingine, na kila mwenye macho alijua.

Nauliza: walimwachia kwa ajili ya nani?

Kimya. Naona vijana wawili pale wanajua. Dwayne Haskins. Novemba 2017, huko Ann Arbor, nyumbani kwa Michigan, kwotabeki wetu J.T. Barrett aliumia katikati ya mechi na Michigan. Burrow alikuwa amevunjika mkono kabla ya msimu kuanza na nafasi yake ya akiba ilishachukuliwa, kwa hiyo aliyeingia ni Haskins. Tukashinda 31 kwa 20. Msimu uliofuata Haskins ndiye akapewa timu. Alirusha yadi 4,831 na pasi 50 za tachidauni. Hamsini! Rekodi za Big Ten, ligi ya vyuo vya ukanda wetu, zikaanguka kama maembe ya Desemba. Michigan walikuja hapa wakapigwa 62 kwa 39, Haskins akarusha tachidauni 6 siku hiyo moja. Tukachukua ubingwa wa Big Ten, tukashinda Rose Bowl 28 kwa 23. Tulifungwa mechi moja tu, ile aibu ya Purdue tusiyoizungumza mbele ya wageni.

Mwaka huohuo wa 2018 Burrow alikuwa LSU akicheza kila wiki, na msimu mzima alirusha tachidauni 16. Kama mzani uliwekwa mezani Desemba 2018, ukapima Haskins na Burrow, nani kati yetu angesema kocha alikosea?

Lakini Haskins alikwenda timu ya NFL ya Washington, akachaguliwa wa 15, mambo hayakumwendea, ndani ya misimu miwili wakamwacha. Aprili 2022 akafariki barabarani Florida akiwa na miaka 24. Mungu amrehemu. Na mjini hapa msimu wake, msimu wa kwotabeki uliowanyamazisha Michigan kwa pointi 62, umegeuka kuwa utangulizi wa hadithi ya mtu mwingine. Kinyozi anamwita "yule waliyemchagua badala ya Burrow". Hamtaji jina. Nina wasiwasi halikumbuki, na siku ile ya 62 nina hakika alipiga honi High Street mpaka usiku.

Kwa nini tunafanya hivi? Sehemu moja ni akili zetu tu. Mwaka 1975 Baruch Fischhoff na Ruth Beyth walichapisha utafiti walioufanya juu ya safari za Rais Nixon Beijing na Moscow mwaka 1972. Waliwauliza watu kabla ya safari: jambo fulani lina nafasi gani ya kutokea? Baada ya safari wakawaambia wakumbuke walijibu nini. Watu, kwa nia safi kabisa, walikumbuka kwamba yale yaliyotokea waliyapa nafasi kubwa kuliko walivyokuwa wameandika. Hawakudanganya, ila jibu jipya lilikuwa limekalia kiti cha lile la zamani.

Sehemu nyingine ni biashara. Jumapili kwenye televisheni mchezaji anajitambulisha kwa jina lake na chuo chake. Chuo kinapata tangazo la bure, na makocha wanaokwenda kwa wazazi kumshawishi mtoto wanahesabu wachezaji wao walioko NFL kama mfanyabiashara anavyohesabu nyumba zake Kariakoo. Katika hesabu hiyo Burrow anagombewa na vyuo viwili. Haskins hagombewi na mtu.

Na sehemu ya tatu, ambayo wengi hawaijui, ni kwamba michezo hii miwili si mmoja. Kuna mistari mifupi katikati ya uwanja inayoonyesha mpira uwekwe wapi mchezo ukianza. Kwenye NFL safu zake mbili zimepishana kama mita 5.6 tu, chuoni ni zaidi ya mita 12. Maana yake chuoni mpira mara nyingi unaanzia pembeni, na upande wa pili unabaki uwanda mpana wa kukimbilia. Kwotabeki mwenye miguu anaufanya uwanda huo shamba lake. Tim Tebow wa Florida, mwaka 2007, alirusha tachidauni 32 na kukimbia nazo 23, akawa mwanafunzi wa kwanza wa mwaka wa pili kupata Heisman. Chuo chake kilichukua ubingwa wa taifa mara mbili akiwepo. Alipofika NFL akasumbuka na pasi, watu wakasema alikuwa mwongo. Aliyeshinda mashindano ya kuogelea utamwita mwongo kwa sababu hawezi kuendesha baiskeli?

Wapo pia waliosalimika kwa sababu Jumapili hawakuwa nayo kabisa. Tommie Frazier wa chuo cha Nebraska alishinda ubingwa wa taifa wa 1994 na wa 1995. Alikimbia yadi 75 kati ya walinzi wa Florida, wanamshika, anawatoka, wanamshika tena, siku ambayo mechi iliisha 62 kwa 24. Ugonjwa wa kuganda damu ukawatisha wa NFL, hakuna aliyemchagua. Ukimwuliza mtu wa Nebraska, anakusimulia mbio zile akisimama kitini, bila "lakini" hata moja. Na Mkenya wetu Daniel Adongo, aliyetoka kwenye raga moja kwa moja akaingia Indianapolis mwaka 2013, hakupita chuo, kwa hiyo yeye ana Jumapili bila Jumamosi. Ni wachache wa namna hiyo.

Kinachonikera kuliko vyote ni chuo cha Tennessee. Peyton Manning alianza mechi tatu dhidi ya Florida, 1995, 1996 na 1997, akafungwa zote tatu. Ubingwa wa taifa hakuupata. Akaondoka kwenda NFL kuwa Peyton Manning tunayemjua. Mwaka uliofuata, 1998, nafasi yake ikachukuliwa na Tee Martin. Florida wakapigwa 20 kwa 17 katika muda wa nyongeza, Tennessee wakashinda mechi 13 kati ya 13, ubingwa wakauchukua. Martin naye alichaguliwa drafti ya 2000, wa 163, nafasi 36 mbele ya Tom Brady, na NFL akarusha pasi chache mno. Knoxville, mji wa chuo hicho, kuna barabara ya Manning, na kuna ya Tee Martin pia, wamefanya haki. Ila waulizeni watoto wa leo ubingwa ule aliuleta nani.

Mimi nisijifanye mtakatifu. Wiki iliyopita nikijiandaa kwa mazungumzo haya nilitaka kuwaambia kwamba mwaka 2018 nilikuwa miongoni mwa waliosikitika Burrow alipoondoka. Nilikuwa na uhakika. Nakumbuka hata nilikuwa wapi, jikoni, nakaanga samaki, nikamwambia mke wangu, "Huyu mtoto tutamjutia." Kwa bahati mbaya lile kundi letu la WhatsApp la mpira bado lipo, na simu haifuti. Nikarudi nyuma hadi Mei 2018. Nikakuta ujumbe, jina langu juu, picha yangu pembeni nikiwa bado na nywele. Umeandikwa: "Aende tu salama. Tunaye Haskins."

Mke wangu anasema hakuna siku niliyomwambia lolote jikoni. Na samaki, anasema, hukaanga yeye.