Spesa ya mtoto mwenye pumu kwa chupa ya maji

Karibuni wazazi na walezi. Leo tunatengeneza spesa, yaani chombo kinachokaa kati ya inhela na mdomo wa mtoto. Tafuta chupa tupu ya maji ya nusu lita, kipande cha waya, plasta, na inhela ya mtoto. Mtoto akipuliziwa inhela moja kwa moja mdomoni, dawa nyingi huishia kooni. Chupa huishikilia kidogo mpaka aivute. Madaktari wa Cape Town waliijaribu kwa watoto waliobanwa na pumu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha haipitwi na spesa ya kununua. Kwa hiyo usiionee haya.

Kunja waya ufuate umbo la mdomo wa inhela. Upashe moto, ubonyeze kwenye kitako cha chupa mpaka plastiki iyeyuke. Kazi hii ifanyie nje, mtoto akiwa mbali, maana moshi ule unaweza kumbana palepale.

Sasa osha chupa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Usiisuuze, na ndani usipitishe kitambaa. Iache ikauke yenyewe. Ukiisugua, dawa itanata kwenye plastiki badala ya kwenda kifuani. Pale anapoweka midomo tu ndipo upafute. Ikikauka, chomeka inhela kwenye tundu, zungushia plasta pasivuje hewa.

Mkalishe wima. Tikisa inhela. Abane midomo kwenye mdomo wa chupa, bofya mara moja, kisha avute na kutoa pumzi taratibu mara tano bila kuachia chupa. Tazama kifua chake kinavyopanda. Subiri nusu dakika, tikisa tena, ndipo ubofye ya pili. Usibofye mbili kwa pamoja hata kama una haraka. Mdogo asiyeweza kubana midomo anahitaji spesa yenye barakoa; ulizia kliniki.

Kama amepewa na inhela ya kuzuia pumu isimbane, mara nyingi ya kahawia, hiyo ni ya kila siku hata akiwa anacheza mpira vizuri, na akimaliza asukutue mdomo. Bibi akisema inhela inamzoesha mtoto, mwitikie kwa adabu, uendelee kumpa.

Akishindwa kuongea au kunywa, mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, au midomo ikibadilika rangi, twende hospitali sasa hivi, hata kama ni saa nane usiku. Njiani mpe inhela ya bluu, ile ya kufungua kifua, kwa chupa hiyohiyo, mpulizo mmoja kila baada ya nusu dakika hadi dakika moja, usizidi 10.