Uko Tayari kwa Plus? Jipime Kabla ya Kupanda Ngazi Kwenye Densi ya Mraba

Hamjambo, karibuni. Leo nazungumza na wewe unayecheza densi ya mraba, iwe uko Texas, Stuttgart au Stockholm, na umeshamaliza ngazi ya Mainstream. Klabuni mtu amekuambia, "Njoo Plus, utaweza tu." Usimjibu bado.

Kwa mgeni wa mchezo huu, kwa ufupi: watu wanane, jozi nne, kila jozi upande wake wa mraba. Mwitaji anataja miito juu ya muziki, na wachezaji hawajui wito gani unafuata. Miito ni ya Kiingereza popote duniani, hata Japani, kwa hiyo nitaitaja vilevile. Ngazi zake zinasimamiwa na Callerlab, chama cha waitaji kilichofanya mkutano wake wa kwanza mwaka 1974. Mainstream ina miito kama 70, Plus inaongeza kama 30, kisha inakuja Advanced, na juu kabisa Challenge.

Hiyo 30 ndiyo inayowadanganya wengi. Wanaihesabu, wanasema mbona michache! Lakini mwitaji wa Plus hakungojei ukumbuke ile 70. Anataka iwe mwilini, mapigo yanakwenda zaidi ya 120 kwa dakika.

Haya, kaa mezani. Tafuta vizibo vinne vya soda, chora mshale juu ya kila kimoja kuonyesha mtu anatazama wapi. Vipange kwenye mstari mmoja, kutoka kushoto: juu, chini, juu, chini. Hilo ni wimbi la mkono wa kulia, maana kila wa pembeni ameshikana mkono wa kulia na jirani yake. Fanya Swing Thru: wanaoshikana kulia wanazunguka nusu, kisha wanaoshikana kushoto, yaani wawili wa kati, wanazunguka nusu. Hapo najua hukukwama.

Sasa geuza mishale yote: chini, juu, chini, juu. Fanya Swing Thru tena. Simamisha video, usinisikilize kwanza.

Umeanza na nani? Kama umeanza na wa pembeni, umekariri picha, hujajua wito. Swing Thru huanza na mkono wa kulia, na safari hii wanaoshikana kulia ni wale wa kati. Wao wanazunguka kwanza, halafu kila wa pembeni na jirani yake kwa mkono wa kushoto. Pitia miito yote ya Mainstream hivyo, kila mmoja kutoka nafasi usiyoizoea. Kazi hii inachukua wiki kadhaa, na kwangu ndiyo kipimo kikubwa kuliko vyote.

Kipimo cha pili ni cha ukumbini. Mwombe mwenzi wako mbadilishane nafasi ndani ya jozi yenu kwa mzunguko mmoja. Aliyezoea kushoto acheze kulia.

Cha tatu kinauma kidogo. Cheza jioni nzima ukiangalia mikono ya wenzako: ni mara ngapi umevutwa au kusukumwa taratibu ili ufike mahali pako? Mimi nilipanda mapema, kwa sababu sikuwa nimejiuliza swali hilo. Nilikuwa nachezea katikati ya wakongwe, wananielekeza kwa vidole na macho, nikadhani naweza. Usiku wangu wa kwanza wa Plus mraba wetu ulivunjika tena na tena, na watu saba wakasimama wakinisubiri. Walinivumilia kwa upole sana. Ila na wao walikuwa wamekuja kucheza. Nikarudi Mainstream nikajifunza upya, na sijajutia hata siku moja.

Mraba kuvunjika kwenyewe si aibu. Kila mtu humtokea. Unachopaswa kujua ni la kufanya baadaye: mtafute mwenzi wako, rudini upande wenu, jozi zijipange mistari miwili inayotazamana, mngoje mwitaji afike kwenye mpangilio huo muingie naye. Ukibaki unazunguka kumtafuta wa kumfuata, bado.

Ukishapita yote, mwendee mwitaji anayekufundisha, umuulize: "Nikikosea, huwa nakosea wapi?" Yeye anakuona kutoka jukwaani.

Akikuruhusu, anza na wito wa Plus uitwao Load the Boat. Wa pembeni wanazunguka kwa nje wakipishana na watu watatu kwa bega la kulia. Wa kati wana kazi nne mfululizo ndani ya muda uleule. Jifunze ya kati kwanza. Na vizibo usivitupe, ongeza vinne vingine: wito huu unahitaji vyote vinane.