Kitoto cha paka kinafoka, basi ni kikali? Mazungumzo ya kufosta paka

[muziki unapungua]

SHANGAZI: ...ndo nasema, kupenda paka kila mtu anapenda, hata yule anayempiga teke sokoni akifika kwake ana paka wake anampa mkia wa samaki. Kufosta, yaani kulea paka kwa muda mpaka apate mwenyewe, ni kitu kingine.

MPWA: Shangazi ngoja, tushaanza kurekodi na hata salamu hatujatoa.

SHANGAZI: Haya, asalaam aleikum wote, na wale wa shikamoo marahaba.

MPWA: [anacheka] Karibuni. Tuko Mombasa, joto ni lile lile, leo ni paka mwanzo mwisho. Meseji zenu karibu zote zinauliza kitu kimoja, yaani shelta, wale wanaotunza paka waliookotwa, wameniomba nikae na vitoto vya paka mpaka wapate wenyewe, sijawahi kufanya, naanzia wapi. Sasa shangazi yangu hapa chumba chake cha uani hakikosi wageni wa namna hiyo, hivi tunavyoongea wako wanne.

SHANGAZI: Watatu. Wa nne ni wangu, yeye amejileta tu kula cha wenzake.

MPWA: Sawa watatu. Kwanza kwani shelta wenyewe hawawezi kuwalea? Si ndo kazi yao?

SHANGAZI: Kulisha wanalisha baba, kulisha si shida. Shida ya kwanza ni magonjwa, pale paka wanaingia kila siku kila mmoja katoka mtaa wake, na kuna hii panlukopenia, wengine wanaiita distempa ya paka, kirusi chake kinakaa sakafuni, kwenye blanketi, kwenye soli ya kiatu, hata mwaka mzima kinaweza kukaa kinangoja, na kitoto ambacho hakijamaliza chanjo kikiupata kinatapika kinaharisha na mara nyingi hakiponi. Kwa hiyo kila kitoto kinachotoka pale kikaenda kwa mtu ni nafuu yake na ya waliobaki. Shida ya pili ndo ya leo, mazoea. Kwenye kizimba mtu anakuja asubuhi na jioni, anaweka chakula, anasafisha, anaondoka, hana muda, ana paka themanini. Kitoto kinakua kinajua binadamu ni mkono unaoingia na fagio.

MPWA: Na kuna umri, ulinambia kuna umri ukipita basi.

SHANGAZI: Si basi, ila kazi inakuwa ndefu. Wiki ya pili mpaka ya saba hivi tangu kuzaliwa, hapo chochote anachokutana nacho kikamjia kwa wema anakichukulia ni kitu cha kawaida cha dunia. Kuna mtafiti Mmarekani, Eileen Karsh, wa Chuo Kikuu cha Temple kule Philadelphia, miaka ya 1980 aliwajaribu, walioanza kushikwa wakiwa na wiki tatu wakaja kuzoea watu kuliko walioanza na wiki saba, na walioshikwa dakika 40 kwa siku wakawashinda walioshikwa 15.

MPWA: Dakika 40! Watu wana kazi shangazi.

SHANGAZI: Simu mnashika masaa mangapi? [kicheko] Na si mfululizo, kumi ukinywa chai, kumi ukitoka kazini, ukikaa unatazama taarabu yako yuko mapajani. Lakini ndo ujue shelta hawana dakika hizo, wewe unazo.

MPWA: Sasa mtu atajuaje kitoto kina wiki ngapi, maana anakiokota tu kwenye mtaro.

SHANGAZI: Macho yanaanza kufunguka wiki ya kwanza kwenda ya pili, vijino vya mbele vinachomoza ya tatu hivi, na macho yanakuwa ya buluu wote mpaka karibu wiki ya sita ya saba ndo yanageuka rangi yake. Afu nunua mizani ya jikoni, ile ndogo ya kupimia unga. Mwezi mmoja anakuwa karibu gramu 450, miezi miwili karibu kilo. Na umpime kila siku, coz akiacha kuongezeka kwa siku mbili hiyo ni habari, usingoje mpaka alale chini.

MPWA: Haya amefika nyumbani. Ametolewa kwenye kikapu. Anafoka.

SHANGAZI: Kufoka si ukali, ni woga. Watu wanasikia ile fsss wanasema huyu paka mwitu, mrudisheni. Mpe chumba kidogo, hata bafu ya wageni, uzibe matundu. Ukimwachia nyumba nzima atajichimbia nyuma ya kabati na wewe hutakuwa na paka tena, utakuwa na mpangaji asiyelipa, unaweka chakula kinaliwa usiku na hamjuani.

Huyu kijivu wangu wa sasa, mwenye mkia umepinda, alikuja na wiki sita na alikuwa hataki kuona mtu. Anajibanza nyuma ya ndoo, masikio yamelala kabisa, ukisogea anafoka mpaka mate yanaruka. Nikamwendea na kijiko kirefu, kile cha kukorogea juisi kwenye jagi. Kuku wa kuchemsha nimemponda mpaka kawa uji, bila chumvi, bila kitunguu, na hapa watu wanisikilize, kitunguu ni sumu kwa paka, kitunguu maji na kitunguu thomu vile vile, na mabaki ya pilau yote yamejaa kitunguu. Nimekaa chini ubavu, si kumkabili, kijiko kiko mbele yake mie nimegeuza uso naangalia ukuta. Akanusa. Akafoka. Akalamba. Akafoka tena huku analamba, yaani anatukana na anakula.

MPWA: [anacheka sana] Kama wateja fulani.

SHANGAZI: Na ukisogea hapo umeharibu, wewe kaa. Ikiisha, ondoka. Mlo unaofuata kijiko kinakuwa karibu na goti, baadae uji uko kwenye kidole, na siku analamba kidole hajali, kidole cha mkono wa pili kinampitia shavuni, chini ya shavu, pale karibu na sharubu. Si juu ya kichwa! Mkono ukitoka juu ni mwewe huo, ni kunguru, anavyojua yeye. Chakula lakini kisilale bakulini siku nzima, hapo ndo wengi wanakosea, bakuli likiwa limejaa saa zote yeye anakuhitajia nini? Si kumnyima, wale wadogo hulishwa mara nne kwa siku, lakini kila mlo uje na wewe ukae nao.

MPWA: Na ile ya macho?

SHANGAZI: Ukimkazia macho paka unamtishia. Fumba macho polepole, fumbua polepole. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex kule Uingereza walilipima hili 2020, wakakuta paka wanarudisha, na wanamsogelea zaidi mtu aliyewafanyia hivo kuliko aliyekaa na uso mkavu. Bibi yangu alikuwa anafanya hivo barazani bila chuo kikuu.

MPWA: Sasa mie nina swali la kelele. Watu wanasema nyumba yangu ina fujo, watoto, tivi, tuktuk nje, siwezi kufosta.

SHANGAZI: Wewe ndo unayetakiwa! Huyu paka anaenda kuishi wapi, maktaba? Anaenda Majengo, anaenda Likoni, anaenda flati yenye watoto watano na blenda. Kama kwangu alikaa kimya kama hospitali, siku ya kwanza kule akisikia sufuria limeanguka anaruka dirishani, na mtu anampigia shelta simu njooni mchukue paka wenu ana wazimu. Tunachofanya ni kuanza mbali. Blenda inawashwa jikoni, mlango umefungwa, wao wanakula. Kesho mlango wazi. Feni, adhana, radi, ufagio, buibui linalopeperuka, vyote wavione tumbo likiwa limeshiba. Na watu tofauti. Vitoto waliolelewa na mwanamke mmoja mwenye dera wakimuona mwanamume mwenye sauti nzito wanatawanyika, kwani unadhani nakuita hapa uje unywe chai tu?

MPWA: Kumbe natumika!

SHANGAZI: Unatumika baba, kaa hapo uongee. Watoto pia waje, ila wakae chini, kitoto kiwafuate wao, marufuku kumnyanyua kwa mkono mmoja anining'inie. Na vidole si mchezo wa paka. Akiwa na gramu 500 kung'ata kidole kunachekesha, akifika kilo nne anamparura mtoto wa mwenyewe usoni anarudishwa. Mchezo uwe kamba, kijiti, kizibo cha chupa.

MPWA: Akining'ata au akinipapura je? Rabis?

SHANGAZI: Osha na sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 ukiangalia saa, si kumwagia tu, afu hospitali ukaulize chanjo, hasa paka ambaye historia yake huijui. Hapa Kenya kichaa cha mbwa kinatoka kwa mbwa zaidi lakini paka naye anaweza, usifanye mzaha.

MPWA: Mambo mengine ya afya ambayo watu wanakosea, kwa haraka.

SHANGAZI: Maziwa ya ng'ombe yanamharisha, na kuharisha kwa kitoto cha gramu 300 ni kifo. Kuna maziwa ya unga ya vitoto vya paka, uliza veti, daktari wa wanyama, na shelta nyingi wanakupa. Ukimnyonyesha na chupa alale kifudifudi kama anavyonyonya kwa mamake, usimlaze chali kama mtoto wa mtu, yanaingia mapafuni. Na akiwa baridi mwilini usimpe kitu, kwanza umpashe moto, chupa ya maji ya moto umeizungushia taulo. Wale chini ya wiki tatu hata haja hawawezi wenyewe, unawapangusa na kitambaa chenye uvuguvugu kila baada ya mlo.

Na hii naomba niiseme taratibu. Dawa ya viroboto ya mbwa usimtie paka. Ile yenye permethrini inaua paka, anatetemeka mpaka anakufa, na pale dukani watakwambia ni ile ile tu punguza kipimo. Si ile ile. Kitoto mdogo mwogeshe na maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, mkaushe vizuri, chana na chanuo la meno madogo, viroboto vinatoka. Usiviache pia coz vinanyonya damu mpaka fizi zinakuwa nyeupe.

MPWA: Na paka wakubwa? Wote tunaongelea vitoto.

SHANGAZI: Wakubwa wako wa aina mbili. Kuna aliyekuwa na kwao akatupwa, watu wamehama wamemwacha, huyo anaogopa lakini anakumbuka, umpe chumba chake na subira, siku moja unasikia mgongo unasuguliwa mguuni. Na kuna aliyezaliwa mtaani hajawahi kushikwa na mtu. Huyo kwa maoni yangu kumfungia nyumbani ni kumuonea. Akamatwe, ahasiwe au afungwe kizazi, achanjwe, akatwe kincha cha sikio la kushoto watu wajue ameshafanyiwa, arudishwe alipokuwa anapajua. Najua kuna watakaonitumia meseji. Nitumieni.

MPWA: [anacheka] Tuingie kwenye kuwatoa sasa. Mtu anakuja anataka paka.

SHANGAZI: Nauliza anamtakia nini. Akisema panya, sikatai, lakini nauliza nyumba ina sumu ya panya? Maana paka akila panya aliyekula sumu naye anaweza kwenda. Na weusi, ah, weusi wanatutesa. Mtu amekaa nae saa nzima, kitoto kimelala mkononi mwake, afu anasema lakini huyu mweusi, mama mkwe atasema jini. Weusi wangu hukaa kwangu mara mbili ya wenzao, na hawana tofauti na hao wengine.

MPWA: Na ile ya pesa, kuna aliyeuliza, paka si hauzwi katika dini?

SHANGAZI: Ni kweli kuna hadithi kwenye kitabu cha Sahih Muslim ya kukataza thamani ya paka, na wanazuoni wamejadili, wapo walioruhusu wapo waliokataza, mie si sheikh. Ila shelta wanachotaka ni gharama ya chanjo na kufunga kizazi, paka mwenyewe hana bei. Waelezee watu hivo, wataelewa. Na najisi si najisi, Abu Qatada, sahaba wa Mtume, alimuinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa, ipo kwenye kitabu cha hadithi cha Abu Dawud. Kwa hiyo hicho si kisingizio.

MPWA: Wawili au mmoja?

SHANGAZI: Vitoto, wawili kama inawezekana. Wanafundishana kung'atana kwa adabu, na usiku wanachezeana wao, hawachezei vidole vyako vya mguu. Na mimi mtu nampa karatasi, nimeandika anakula nini, mara ngapi, chanjo ya pili lini, anaogopa nini. Siku chache za mwanzo chumba kimoja tu, mchanga wa haja ule ule aliozoea.

MPWA: Kijivu ameshapata mtu?

SHANGAZI: Amepata, familia ya Kisauni, anaenda na dada yake Jumamosi, pamoja na blanketi lao nimeacha makusudi bila kufua wapate harufu yao.

MPWA: Na utalia.

SHANGAZI: Nitalia bila shaka, afu nipige deki na jiki chumba kizima, maana shelta wameshapiga simu, kuna mama na watano wametolewa kwenye bonneti ya matatu. Na hao nimesema wewe ndo utakuja kukaa nao jioni.

MPWA: Mie?

SHANGAZI: Una sauti nzito. Zima hiyo mashine.